Kupanga shahada ya kemia: anzia mwaka wa tatu, rudi nyuma

Mwaka wa tatu wa shahada ya kemia una vitu viwili vinavyoamua mengi ya baadaye: kozi za uchanganuzi kwa mashine, na mradi wa utafiti. Mwajiri wa maabara atakuuliza umegusa mashine gani. Chuo unakoomba shahada ya uzamili kitakuuliza mradi wako ulihusu nini na msimamizi alikuwa nani. Kwa hiyo anayepanga vizuri huanza na mwaka huo, halafu anarudi nyuma muhula kwa muhula akijiuliza: ili nifike hapa nikiwa nimeelewa, nilipaswa kupita wapi?

Wengi hupanga kinyume chake. Wanasajili kozi walizopewa, wanapambana na muhula uliopo, na mwaka wa tatu wanakutana na grafu ya NMR (kipimo cha kusoma umbo la molekuli kwa sumaku) wasiyoweza kuisoma. Wanalaumu mhadhiri wa mwaka wa tatu. Tatizo lilianza Novemba ya mwaka wa kwanza, kwenye kozi ya hisabati waliyoipita kwa C ya kubahatisha.

Mwongozo huu unafuata mfumo wa Tanzania: miaka mitatu, mihula sita. Kenya ni miaka minne na nafasi za udahili hupangwa kupitia KUCCPS (chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni), lakini namna kozi zinavyotegemeana ni ileile, na yanayosemwa hapa kuhusu maabara na mradi hayabadiliki mtu akivuka mpaka wa Namanga.

Kabla ya kuomba

Tahasusi zinazokuleta kwenye kemia ni PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia). Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni ufaulu wa masomo mawili yanayotambuliwa na programu, jumla isipungue pointi 4.0, kwa hesabu ya A=5, B=4, C=3, D=2, E=1. Maana yake D mbili zinatosha kisheria. Kisheria tu. Programu yenyewe inaweza kuongeza masharti yake, kwa mfano ufaulu wa hisabati ya kidato cha nne, kwa hiyo fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka unaoomba na usome mstari wa programu hiyo katika chuo hicho. Usitumie kitabu cha mwaka jana. Mwenye stashahada huangaliwa wastani wa B au GPA (wastani wa pointi za matokeo) ya 3.0 kuendelea, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne.

Maombi hupelekwa chuo kwa chuo kupitia mifumo yao ya mtandaoni. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja tu ndani ya muda uliotangazwa. Wanaopoteza nafasi hapa huwa wamebadilisha laini ya simu, ujumbe wenye namba ya kuthibitisha ukaenda kwenye laini iliyokufa. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) nao una mtego wake: majina kwenye cheti cha kuzaliwa yafanane na ya cheti cha kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Anza uhakiki huo mapema, kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa. Ukisubiri lifunguliwe utakuwa kwenye foleni na nchi nzima.

Sasa aina ya shahada. Kemia peke yake inakupa kozi nyingi zaidi za maabara na mashine. Kemia na ualimu inakuingiza darasani moja kwa moja bila kurudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, ila kozi za ualimu zinachukua nafasi za kozi za kemia, na kawaida zinazopungua ni zile za mwaka wa tatu. Vipo pia vyuo vinavyotoa kemia ya viwanda au ya petroli. Usichague kwa jina. Omba orodha ya kozi zote za miaka mitatu, andika za programu mbili bega kwa bega kwenye karatasi, kisha hesabu ngapi zina vipindi vya maabara. Programu mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kupishana sana hapo.

Hisabati ndiyo mlango

Aliyetoka PCM anakuja na hisabati ya juu. Aliyetoka PCB au CBG amesoma BAM (Basic Applied Mathematics, hisabati nyepesi zaidi), na BAM wengi huisoma kama somo la kupitia tu. Wote wawili watakaa darasa moja la kemia fizikali.

Muda wa kuziba pengo ni kati ya mtihani wa Mei na chuo kufunguliwa mwishoni mwa Oktoba au Novemba, ukiondoa miezi ya JKT kwa walioitwa kwa mujibu wa sheria. Wiki 10 za saa moja kwa siku zinatosha, kwa mpangilio huu: wiki mbili za vipeo na logi, tatu za difrensiesheni, tatu za integresheni, na mbili za milinganyo rahisi ya kikalkulasi pamoja na matriki. Usianze na kitabu kinene cha chuo. Maswali ya mitihani ya zamani ya kidato cha sita yanatosha kabisa.

Ukitaka kupima kama umeiva, chukua mmenyuko wa oda ya kwanza. Kasi yake ni −d[A]/dt = k[A]. Tenganisha pande, fanya integresheni, upate ln[A] = ln[A]₀ − kt. Weka [A] iwe nusu ya [A]₀ na utaona muda wa nusu ni 0.693/k. Kama k ni 0.0231 kwa dakika, nusu inaisha kila dakika 30. Ukiweza kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kutazama kitabu, kinetiki ya mwaka wa kwanza na wa pili haitakusumbua. Ukikariri 0.693/k bila kujua imetoka wapi, utakwama siku mtahini atakapokupa oda ya pili, ambayo muda wake wa nusu unategemea kiasi ulichoanza nacho.

Jinsi kozi zinavyoshikana

Chora ukurasa mmoja wenye safu sita, kila safu muhula mmoja. Andika kozi zote, kisha vuta mishale kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kuisoma NMR ya mwaka wa tatu kunadai kemia ogani ya mwaka wa pili, ili ujue atomi zipi ni jirani, na kunadai kemia ya kwanta, ili ujue kwa nini protoni inafyonza nishati fulani na si nyingine. Kwanta inadai kalkulasi. Uchanganuzi kwa AAS (mashine ya kupima metali), HPLC (ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika) na spektrofotomita (ya kupima mwanga unaofyonzwa) unadai takwimu, na mkono uliozoea pipeti tangu titresheni za mwaka wa kwanza. Kampaundi changamani za metali, zile zenye rangi nzuri zinazopendwa kwenye mitihani, zinadai uelewe maumbo ya orbitali za d, nayo hufundishwa wiki za mwanzoni kabisa, wakati wengi bado wanatafuta chumba cha kupanga.

Mishale mingi itakutana kwenye kozi tatu: hisabati ya mwaka wa kwanza, themodinamiki, na kozi ya kwanza ya mekanizimu (hatua za mmenyuko) za kemia ogani. Zizungushie duara jekundu. Hizo hazisomwi kwa kupita.

Kwa mekanizimu kuna kosa moja linalojirudia kila mwaka. Mwanafunzi anakariri mimenyuko mia moja kama orodha: hiki jumlisha kile sawa na kile. Kufikia katikati ya muhula orodha imemshinda. Mishale ya elektroni inatoka penye elektroni nyingi kwenda penye upungufu. Ukizoea kuuliza kila mara nani ana jozi ya ziada na nani anaitaka, mimenyuko mia inabaki familia saba au nane. Chora kwa mkono kila siku, mekanizimu tano, bila kutazama. Kusoma mishale iliyochorwa na mwingine hakufundishi kuichora.

Jambo la ratiba ambalo orodha ya kozi haikuambii: kozi nyingi hutolewa mara moja tu kwa mwaka. Ukifeli ya muhula wa kwanza na sapu (mtihani wa marudio) ikakugomea, unaikeri, yaani unaibeba, hadi mwaka unaofuata. Hapo kipindi chake kitagongana na maabara ya mwaka wako mpya, na kama ni kozi tangulizi, iliyo mbele yake nayo imefungwa. Kozi moja ya keri kwenye hisabati inaweza kukugharimu mwaka mzima. Kozi moja ya keri kwenye somo la hiari haikugharimu kitu zaidi ya usingizi. Kwa hiyo, wakati wa mitihani ukizidiwa na ukalazimika kuchagua wapi uweke nguvu, angalia mishale kwanza, alama baadaye.

Krediti, saa na GPA

Shahada ya kwanza ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Muhula wa krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki. Kozi ya krediti 12 inadai saa 8 kwa wiki. Kama ina mihadhara ya saa 2 na maabara ya saa 3, zimebaki saa 3, na ripoti ya maabara peke yake hula mbili. Ndiyo maana anayesajili kozi tatu zenye maabara muhula mmoja, akaongeza mbili za hiari kwa sababu rafiki amesema ni rahisi, huanza kunakili ripoti za wenzake kufikia wiki ya sita.

Kanuni inayofaa: maabara zisizidi tatu kwa wiki, na zisikae siku zinazofuatana kama ratiba inaruhusu. Ripoti iandikwe ndani ya saa 24. Ukiiacha siku nne, hutakumbuka kwa nini uliandika 24.8 ukaifuta.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutumia mizani ya pointi 5: A huanza 70, B+ ni 60 hadi 69, B ni 50 hadi 59, C ni 40 hadi 49. Alama za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho, UE, ni 60. Daraja la kwanza huanza GPA ya 4.4, la pili juu 3.5, la pili chini 2.7. Vyuo vingine hutofautiana kidogo, na vipo vinavyokuzuia kuingia UE kama alama za muhula hazijafika kiwango chao, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako wiki ya kwanza.

Tazama hesabu yenyewe. Muhula wa kozi tano za krediti 12, matokeo A, B+, B, B, C. Hapa A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, kwa hiyo jumla ni 5+4+3+3+2 = 17. Mara 12 ni 204, gawa kwa 60 unapata 3.4. Hiyo ni daraja la pili chini. Ile C ikipanda kuwa B, jumla inakuwa 18, GPA 3.6, na umevuka. Wakati huohuo kuipandisha B+ kuwa A kungekupa pointi ileile moja, lakini kutoka 45 kwenda 50 kwa kawaida ni rahisi kuliko kutoka 64 kwenda 70. Wenye akili nyingi hupoteza madaraja kwa kuipenda kozi moja na kuitelekeza nyingine. Na kwa kuwa GPA ya mwisho hujumlisha mihula yote, mwaka wa kwanza una uzito kama wa tatu.

Maabara: mkono unafundishwa mapema

Vifaa vyako binafsi ni vichache. Koti la pamba la mikono mirefu (nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi ikishika moto), miwani ya usalama, viatu vilivyofunika mguu mzima, kikokotoo cha kisayansi kisicho na programu, na daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba. Wanaovaa hijabu waingize ncha zake ndani ya koti. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka. Vipande vya karatasi vya kuandikia vipimo kwanza ili "kuhamisha vizuri baadaye" ndivyo chanzo cha nusu ya namba zilizopotea.

Titresheni ya mwaka wa kwanza inaonekana ya kitoto. Hapo ndipo mkono unapotengenezwa, kwa hiyo tuitazame kwa karibu. Unataka kujua ukali wa asidi haidrokloriki kwa kutumia sodiamu kaboneti. Kwa mmumunyo wa mililita 250 wa 0.0500 M (moli kwa lita) unahitaji moli 0.0125, ambazo ni gramu 1.325. Kaboneti ikaushwe kwanza kwenye nyuzi 270 kwa takriban saa moja, ipoe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu). Pipeti mililita 25.00, tia matone mawili ya methili oranji, fungua bureti. Bureti inaonyesha 24.30, 24.35, 24.30. Kwa 24.30, moli za kaboneti ni 0.00125, za asidi ni mara mbili yake, 0.00250, na ukali ni 0.1029 M.

Sasa yanayoharibika. Kaboneti isiyokaushwa yenye unyevu wa asilimia 2 ina moli chache kuliko unavyodhani: ukali halisi ni kama 0.1008, wewe unaandika 0.1029, na hakuna bureti itakayokuonya kwa sababu vipimo vyako vyote vitatu vinakubaliana. Ukisuuza flaski konikali kwa mmumunyo wa kaboneti badala ya maji safi, umeongeza moli zisizohesabiwa na bureti inasoma juu. Bureti yenyewe husuuzwa kwa asidi, la sivyo maji yaliyobaki yanaipunguza ukali. Ncha ya bureti yenye kiputo cha hewa hukuibia ujazo kwenye mzunguko wa kwanza tu, ndiyo maana kipimo cha kwanza mara nyingi hakilingani na vingine. Mwanafunzi anayejua kila kosa linasukuma jibu upande gani, juu au chini, tayari anafikiri kama mchanganuzi. Swali hilohilo atakutana nalo kwenye HPLC, likiwa limevaa nguo za gharama.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo kwa kawaida ni wiki 8, wakati wa likizo ndefu baada ya muhula wa pili. Barua za maombi zipelekwe kati ya Januari na Machi. Juni utakuta nafasi zimeisha, na utaishia kufanya kazi ya kutoa nakala kwenye ofisi ya mjomba.

Chagua kwa mashine na aina ya sampuli. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kazi pana, kuanzia sumu na vinasaba hadi kemikali za viwandani. TBS hupima bidhaa, TMDA dawa, TPHPA ya Arusha mabaki ya viuatilifu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ya Dodoma sampuli za miamba. Mamlaka za maji ziko karibu kila mkoa na hupuuzwa bure: huko utapima klorini, tope, pH na naitreti kila siku, na wiki 8 za kufanya kitu kimoja kila siku hujenga nidhamu. Migodi ya dhahabu kama ule wa Geita hufundisha uyeyushaji wa sampuli kwa oksaidi ya risasi na upimaji wa dhahabu. Viwanda vya sukari kama TPC ya Moshi na Kilombero vina maabara za Briksi (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya miwa) na sukrosi zinazokimbizana na mitambo usiku na mchana, na huko utajifunza kutoa jibu sahihi kwa haraka, jambo ambalo chuo hakifundishi.

Unapoomba, uliza swali moja kwa adabu: je, mwanafunzi anaruhusiwa kuandaa sampuli na kuendesha mashine, au anatazama tu? Ukishapata, omba kusoma taratibu za maabara zilizoandikwa. Angalia wanavyoweka sampuli tupu (isiyo na kinachopimwa) na sampuli ya udhibiti (ambayo jibu lake linajulikana) katikati ya foleni ya vipimo, na uliza kinachotokea ya udhibiti ikitoka nje ya mipaka. Daftari la fildi lisainiwe kila Ijumaa. Kusaini wiki 8 kwa siku moja ya mwisho kunaonekana, maana wino ni mmoja.

Mradi

Hapa ndipo mpango mzima unapolipa au kuanguka. Kosa kubwa ni kuchagua mada kabla ya kujua mashine ipi inafanya kazi. Mwanafunzi anaandika pendekezo la kupima mabaki ya viuatilifu kwenye mboga za sokoni kwa GC-MS (mashine ya kutenganisha na kutambua kemikali). Mada ni nzuri, ina faida kwa watu. Halafu inagundulika kwamba mashine inasubiri kipuri, viyeyusho vya usafi unaotakiwa lazima viagizwe, viwango rejea vya viuatilifu (mimumunyo ya kulinganishia) navyo viagizwe, na foleni ina wanafunzi wa uzamili waliotangulia. Mei imefika, hana namba hata moja.

Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka wa pili, kabla ya likizo, nenda kwa fundi sanifu wa maabara. Huyo ndiye anayejua. Mwamkie, mweleze, muulize: mashine zipi zimefanya kazi bila kusimama muhula huu, gesi zipo, nani anazitumia mwakani? Kisha ndipo uende kwa mhadhiri ukiwa na mada mbili zinazotoshea jibu lile. Msimamizi mwenye wanafunzi watatu na maabara hai ni bora kuliko mwenye jina kubwa na wanafunzi kumi na wawili.

Mfano wa mradi unaowezekana: floridi katika maji ya visima na chemchemi upande wa Meru, Arusha. Eneo hilo la Bonde la Ufa linajulikana kwa floridi nyingi. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa. Kifaa kinachohitajika ni elektrodi ya floridi na mita ya milivolti. Hakihitaji gesi, na umeme ukikatika unasubiri, hakuna kinachoharibika.

Hesabu yake ni hii. Vyanzo 20, kila kimoja kipimwe mara 3, jumla vipimo 60, dakika kama 5 kila kimoja: saa 5. Ongeza viwango na marudio, unamaliza kwa siku mbili au tatu. Sampuli zichukuliwe kwenye chupa za plastiki za mililita 500, bila kutiwa asidi, na zipimwe ndani ya siku 28. Kiwango mama cha miligramu 100 kwa lita kinapatikana kwa gramu 0.2210 za sodiamu floridi iliyokaushwa katika lita moja. Ni sumu, kwa hiyo pipeti kwa balbu, kamwe si kwa mdomo. Toka hapo, mililita 0.5, 1, 2, 5 na 10 zikijazwa hadi 100 zinakupa viwango vya 0.5, 1, 2, 5 na 10.

Kila kiwango na kila sampuli huchanganywa nusu kwa nusu na bafa iitwayo TISAB. Wanaoiruka "kuokoa muda" hupata jibu la chini, kwa sababu alumini na chuma ndani ya maji hushika floridi na elektrodi haiioni. Maji yenye pH ya juu nayo huwapa jibu la juu, kwa kuwa elektrodi hudanganyika na haidroksaidi. Chora milivolti dhidi ya logi ya kiwango: mstari unyooke, na kila mara kiwango kinapozidi mara kumi tofauti iwe kati ya milivolti 54 na 60 kwenye nyuzi 25. Ikiwa chini ya 54, usipime sampuli. Elektrodi ni chafu au imechoka, au viwango vyako vina kasoro.

Sasa kalenda, jambo linalowapata wengi. Muhula wa pili huangukia wakati wa masika. Machi hadi Mei barabara za vijijini hazipitiki kirahisi, na visima vifupi hujaa maji mapya yanayopunguza floridi. Ukikusanya nusu ya sampuli Februari na nusu Aprili, umechanganya misimu miwili bila kukusudia, na mtahini atakuuliza. Kusanya zote Januari au Februari kwa safari moja, andika tarehe na kina cha kisima. Pendekezo liwe limepitishwa Desemba. Kemikali ziombwe Novemba. Vipimo ndani ya zile siku 28 baada ya safari. Sura ya mbinu iandikwe wiki ileile unayopima, kisha Aprili ni ya grafu na takwimu, Mei ya kuandika na kusahihishwa. Mpe msimamizi sura moja moja. Ukimpa kurasa 60 kwa mkupuo, zitakaa mezani hadi Juni.

Bumu (posho) la utafiti, kwa wenye mkopo, mara nyingi haliingii siku unayolihitaji. Panga safari ya sampuli kwa fedha iliyopo mkononi, hata kama ni vyanzo 12 badala ya 20.

Unapomaliza

Kabla ya kuondoka chuoni, kwenye ukurasa mmoja andika kila mashine uliyoendesha mwenyewe, sampuli gani, kwa muda gani. "Nimetumia AAS" haisemi kitu. "Nimepima risasi na shaba katika sampuli 40 za udongo, nikaandaa viwango na kuyeyusha sampuli kwa asidi ya naitriki" inasema. Waombe wahadhiri wawili wakubali kukuandikia barua wakati bado wanakukumbuka kwa sura. Agiza transkripti zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Tanzania ina Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya 2016 na baraza lake. Kazi ya ukemia inadai usajili, kwa hiyo anza taratibu hizo mara cheti kikitoka, usisubiri tangazo la Mkemia Daraja la II litokee kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira ndipo ukimbizane na nyaraka. Wenye mkopo wakumbuke kwamba mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara. Anayelenga uzamili, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ina utafiti wa maji na vifaa unaoendana vizuri na mradi kama ule wa floridi, na daftari lako la mradi, lile la wino lenye kurasa za namba, liende nalo kwenye usaili.